Ekzosi ya Mjini na Ekzosi ya Safari: Hotuba kwa Mafundi na Waendesha Pikipiki

Ndugu mafundi wenzangu, madereva wa bodaboda mlioacha vijiwe vyenu asubuhi hii ili mje hapa, na ndugu zetu mnaosafiri kwa pikipiki kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya na kwingineko, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumze juu ya ekzosi, na hasa juu ya swali ambalo hatumalizi wiki karakana bila kuulizwa: ni ekzosi gani inayomfaa mtu anayezunguka mjini siku tano, na siku ya sita anafunga mizigo na kuelekea mikoani? Jibu langu nalitoa mapema ili mnisikilize mkiwa nalo mkononi. Hakuna ekzosi inayofanya kazi zote mbili kwa ukamilifu, na kwa injini ndogo za silinda moja ambazo wengi wetu tunazo, ile iliyotoka kiwandani, ikitunzwa na kabureta, yaani kifaa kinachochanganya hewa na petroli, ikapangwa sawasawa, huukaribia ukamilifu huo kuliko nyingi zinazonunuliwa kwa ajili ya mlio wake. Sisemi hivi kwa kuwa napinga mabadiliko. Nimekata na kuchomea mabomba kwa miaka mingi, na bado nayachomea. Nasema kwa kuwa nimeona jinsi fedha nyingi za madereva zinavyotoka nje na moshi.

Tuanze na kinachotokea ndani ya bomba. Valvu ya kutolea moshi hufunguka kabla pistoni haijafika chini kabisa, wakati gesi iliyomo ndani ya silinda bado ina moto na msukumo mkubwa. Gesi hiyo hutoka kwa kishindo, na kishindo chenyewe huutangulia moshi, kama vile jiwe lililotupwa kisimani linavyotuma wimbi hadi ukutani ilhali maji yenyewe yamebaki pale pale. Wimbi hilo likifika mahali bomba linapopanuka au linapoishia hewani, halipotei lote. Sehemu yake hugeuka na kurudi ikiwa imebadilika tabia: ilikwenda ikisukuma, sasa inarudi ikivuta. Mvuto huo ukiifikia silinda katika kile kipindi kifupi ambacho valvu ya moshi haijafunga na valvu ya kuingizia imeshaanza kufunguka, hunyonya mabaki ya moshi na kukaribisha hewa mpya kabla pistoni haijaanza kuivuta yenyewe. Injini inapata chakula cha ziada bila gharama yoyote. Bomba likiwa na urefu usiolingana na mwendo wa injini, mvuto huo huwa umepita au haujafika, na mara nyingine linalokuta valvu wazi ni wimbi la kusukuma, ambalo huurudisha moshi silindani.

Naomba mnivumilie tufanye hesabu, kwa sababu ndiyo inayotenganisha fundi na mtu anayebahatisha. Katika hewa ya kawaida sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na katika moshi wa moto hupita mita 500, tuchukue 500. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 10. Tangu valvu ya moshi inapofunguka hadi kipindi ambacho valvu zote mbili ziko wazi, krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, huwa imezunguka zaidi kidogo ya nusu mzunguko, nasi tukichukua nusu kamili kwa urahisi tunapata milisekunde 5. Kwa muda huo wimbi limekwenda mita 2.5, yaani mita 1.25 kwenda na mita 1.25 kurudi. Basi bomba lenye urefu wa mita 1.25 linaisaidia injini hiyo inapokuwa kwenye mizunguko 6,000. Kwa mizunguko 3,000, hesabu hiyo hiyo inadai mita 2.5, na kwa mizunguko 9,000 inadai sentimita 83 hivi. Ni hesabu ya ubaoni, kwa maana moshi hupoa kadiri unavyoiacha silinda na wimbi hupunguza kasi, lakini mwelekeo wake haubadiliki: bomba refu hulisha injini inayozunguka polepole, na bomba fupi hulisha injini inayokimbia.

Sasa mfikirie dereva wa bodaboda anayetoka Kimara kwenda Kariakoo akiwa na abiria mmoja na mfuko wa unga. Ni mara ngapi kwa siku injini yake inafika mizunguko 9,000? Haifiki hata mara moja. Kwa takwimu za kiwanda, injini ya Boxer ya 150, ambayo kwa hakika ina sentimita za ujazo 144.8, hutoa nguvu yake kubwa ya kuvuta ikiwa karibu na mizunguko 5,000, na nguvu yake ya juu ya mwendo ikiwa karibu na 7,500. Waliochora ekzosi yake ndefu na nyembamba walijua pikipiki hiyo itabeba nini. Mtu anapoikata shingo yake na kufunga mtungi, yaani ile sehemu ya nyuma inayopunguza mlio, ulio mfupi na wenye mdomo mpana, anaihamisha nguvu kutoka pale anapoihitaji, yaani kuondoka kwenye taa za barabarani na kupanda mlima akiwa na mzigo, na kuipeleka mahali ambapo hafiki kamwe.

Hata viwanda vikubwa vimekiri kwamba bomba moja haliwezi kutumikia mabwana wawili. Katika miaka ya 1980 kampuni ya Yamaha ilitoa mfumo unaoitwa EXUP, ambao ni valvu iliyowekwa ndani ya ekzosi na kuzungushwa na mota ndogo ya umeme. Injini inapozunguka taratibu, valvu hiyo huubana mkondo na kuyavuruga mawimbi yanayorudi wakati mbaya, na injini inapokimbia hufunguka yote. Fikirini ni gharama kiasi gani walikubali kubeba kwa ajili ya tatizo ambalo sisi tunadhani linatatuliwa kwa msumeno.

Katika injini za mipigo miwili, zile zinazounguza petroli kila krenki inapozunguka mara moja, jambo hili ni zito zaidi, kwa kuwa hazina valvu za kujikinga nazo. Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha pikipiki cha MZ, Ujerumani Mashariki, ndiye aliyeiendeleza sana ekzosi yenye tumbo katika miaka ya 1950, ile inayonenepa katikati na kusinyaa mwishoni, ili wimbi la kuvuta lirudi kwanza na wimbi la kusukuma lifuate, likiirudisha silindani petroli iliyokuwa inataka kutoroka. Mwaka 1961 dereva wake wa mashindano, Ernst Degner, alitoroka nchi na kwenda kampuni ya Suzuki akiwa na ujuzi huo, na mwaka uliofuata Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa pikipiki za sentimita za ujazo 50 kwa mikono ya Degner huyo huyo. Wenye umri wangu mnazikumbuka Yamaha AG100 walizokuwa wakiendesha mabwana shamba. Ile nayo ni ya mipigo miwili, na tumbo la ekzosi yake limechorwa kwa ajili ya kuvuta matopeni. Ukiibadilishia ukaiwekea ekzosi ya mashindano, itakataa kuondoka shambani.

Hapa nataka nisahihishe jambo ambalo mimi mwenyewe nilifundishwa na nikalifundisha wengine. Husemwa kwamba injini inahitaji kuzibiwa moshi kidogo ili ivute vizuri. Si kweli. Kuzibiwa moshi hakujapata kuifaidi injini yoyote. Kinachotakiwa ni kasi ya moshi na wimbi linalorudi kwa wakati. Bomba jembamba huufanya moshi ukimbie hata injini ikizunguka taratibu, na moshi unaokimbia huacha mvuto nyuma yake, ilhali bomba pana huulegeza. Ndiyo maana anayefunga bomba pana hulalamika kwamba pikipiki imekosa nguvu chini, kisha fundi anamwambia imekosa kizuizi. Ugonjwa ameuona, lakini jina lake amelikosea, na dawa anayoitoa, ya kuziba mdomo wa bomba kwa kipande cha chuma, haitibu.

Kuna sababu ya pili ya kukosa nguvu, nayo ni petroli. Injini hutaka takriban kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo moja ya petroli ili iunguze yote, na inapovuta kwa nguvu zake zote hutaka petroli zaidi ya hapo, karibu kilo moja kwa kilo 12 na nusu au 13 za hewa. Ekzosi iliyofunguliwa huingiza hewa zaidi, wakati kabureta bado ina jeti zile zile, yaani vitundu vinavyopima petroli, kwa hiyo mchanganyiko unakuwa mkavu, petroli ikiwa chache kuliko inavyotakiwa. Dalili zake mnazijua: pikipiki inapiga milio kama ya risasi unapoachia resi mteremkoni, inachelewa kuitikia ukivuta, injini inachemka, na plagi inatoka nyeupe kama mfupa. Plagi iliyoshiba sawasawa huwa na rangi ya chai ya maziwa, na iliyozidishiwa petroli hutoka nyeusi yenye masizi makavu. Petroli ya siku hizi isiyo na risasi haiachi rangi iliyokolea kama zamani, kwa hiyo plagi isomwe mchana, ikiwa mpya, na baada ya kuvuta mwendo unaotaka kuuchunguza na kuzima injini hapo hapo. Ukirudi taratibu hadi karakana, utakuwa unasoma habari za foleni.

Na msikimbilie jeti kubwa kwa kila tatizo, kwa maana kabureta ina maeneo yake. Robo ya kwanza ya resi hutawaliwa na jeti ndogo na skrubu yake. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano na pini yake. Jeti kubwa hushika hatamu sehemu ya mwisho tu. Dereva wa mjini anaishi katika robo ya kwanza na mwanzo wa sindano. Pikipiki yake ikikohoa kwenye foleni, jeti kubwa haihusiki, na kuibadilisha ni kumwongezea gharama ya mafuta bila kumwondolea kikohozi. Tena, kabla ya kufungua kabureta, paka maji ya sabuni mahali shingo ya ekzosi inapokutana na kichwa cha silinda, injini ikiwa bado baridi, kisha iwashe. Ukiona mapovu, gasketi inavuja, na milio ile ya risasi inatokana na hewa inayonyonywa hapo. Gasketi ni kitu cha bei ndogo, na ni aibu kwetu mafundi kumuuzia mtu ekzosi nzima kwa kosa lake.

Sasa tutoke mjini. Barabara ya Dar es Salaam hadi Mbeya ina zaidi ya kilomita 800, na kwa anayepanga ekzosi, jambo kubwa kuliko urefu wake ni kimo. Unaanzia usawa wa bahari, unafika Morogoro kwenye mita 500 hivi, unakatisha tambarare ya Mikumi, unapita Ruaha Mbuyuni, kisha unaupanda mlima Kitonga na kutokea nyanda za juu, ambapo Iringa iko zaidi ya mita 1,500 na Mbeya karibu mita 1,700. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupungua uzito kwa takriban sehemu moja katika kumi. Kabureta haijui kwamba umepanda, na kwa kuwa hewa imepungua zaidi ya petroli, mchanganyiko unakuwa mzito. Pikipiki iliyopangwa vizuri Ubungo itaonekana mvivu Iringa, na plagi yake itakuwa nyeusi kidogo. Hilo halimuui mtu. Hatari iko upande wa pili, nami nilijifunza kwa kosa langu.

Nilikuwa Iringa kwa kazi, na kijana mmoja akaniletea pikipiki aliyoifungia ekzosi wazi, akitaka niipange kwa ajili ya safari ya kwenda pwani. Niliipanga pale pale, kwenye baridi ya asubuhi, nikaichagulia jeti ndogo kwa kuwa kule juu ilivuta vizuri nayo, nikaridhika na rangi ya plagi, nikamuaga kwa heri. Aliteremka Kitonga akiwa na furaha. Kadiri alivyoshuka ndivyo hewa ilivyozidi kuwa nzito na mchanganyiko ulivyozidi kuwa mkavu, na kwenye joto la Mikumi, akiwa ameshikilia resi mwisho kwa muda mrefu, pistoni ikayeyuka ukingoni na kuganda. Alilala njiani. Nilimlipia pistoni na silinda, lakini yale masaa aliyokaa peke yake kando ya barabara inayopita katika mbuga yenye simba na tembo sikuweza kuyalipa. Tangu siku hiyo, pikipiki ya safari naipangia sehemu ya chini kabisa na yenye joto kuliko zote katika njia yake, kisha namwambia mwenyewe avumilie uvivu kidogo huko juu. Wenye pikipiki kubwa zinazopuliziwa mafuta kwa kompyuta wana nafuu, kwa kuwa vihisio vyao hupima hewa na kurekebisha, ingawa hata kompyuta ina mipaka ya kurekebisha ekzosi ambayo haikuandaliwa kwa ajili yake.

Safari ndefu ina dai lingine ambalo mjini halionekani. Mjini mlio unapanda na kushuka, lakini barabara kuu injini hukaa kwenye mizunguko ile ile kwa saa nzima, na ikiwa mizunguko hiyo inaoana na mwitiko wa mtungi, ekzosi hutoa mvumo mzito unaoingia kifuani na kichwani. Siku ya kununua, dukani Kariakoo, mvumo huo unaitwa mlio mtamu. Ukifika Makambako unakuwa maumivu. Wataalamu wa kulinda masikio wa taasisi ya NIOSH ya Marekani wameweka kipimo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kwa kila desibeli 3 zinazoongezeka muda huo hukatwa nusu, kwa hiyo desibeli 94 ni saa moja tu. Upepo peke yake ndani ya helmeti, kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, hupita desibeli 90. Msafiri kwa hiyo ameshakula sehemu kubwa ya haki yake kabla ekzosi haijasema neno. Vizibo vya masikio vya sponji ni vya bei ya chini kuliko lita ya petroli, nami nawasihi mvivae. Ekzosi za mtungi ulionyooka, zenye bomba la matundu lililozungushiwa pamba ya kioo, zina tabia ya kuzidi kelele kadiri pamba inavyoungua, kwa hiyo ile uliyoiridhia mwaka jana siyo unayosafiri nayo leo.

Najua hoja ya vijana, kwamba kelele inamlinda dereva kwa kuwa wenye magari wanamsikia. Mdomo wa ekzosi umeelekea nyuma. Anayeisikia zaidi ni yule uliyekwisha kumpita, pamoja na mama mwenye mtoto mchanga usiku wa manane huko Manzese, wakati yule anayeweza kukukatia njia mbele, aliyefunga vioo na kuwasha redio, anakusikia umeshamfikia. Zaidi ya hapo, sheria ipo. Tanzania ina kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 chini ya sheria ya mazingira, Kenya ina zake za mwaka 2009, na kanuni namba 41 ya Umoja wa Mataifa kuhusu kelele za pikipiki huweka kikomo cha kati ya desibeli 73 na 77 katika kipimo cha kiwandani, kulingana na nguvu ya pikipiki kwa uzito wake. Kutoboa mtungi au kutoa vyuma vya ndani kunavunja kikomo hicho siku hiyo hiyo.

Nizungumzie pia mguu wa abiria. Wengi humu mna kovu la mviringo ndani ya mguu, chini kidogo ya goti, na wake zenu na dada zenu wanalo. Kovu hilo tunalifanya sisi mafundi tunapofunga ekzosi isiyo na bamba la kukinga joto, au tunapolitupa bamba la asili kwa sababu linapiga kelele kutokana na skrubu moja iliyopotea. Kwa msafiri, joto hilo hilo huyeyusha begi la pembeni. Rudisheni mabamba. Na abiria akiungua, apelekwe kwenye maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta.

Jambo la mwisho ni maji. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji yanayotoka kama mvuke. Pikipiki inayotembea dakika tano tano mjini haiupi mtungi joto la kutosha kukauka, maji hayo yanabaki ndani na masizi, na mtungi unaoza kuanzia ndani huku nje ukiwa unang'aa. Huku pwani chumvi ya bahari inaongezea kazi yake. Ndiyo sababu viwanda huacha kitundu kidogo chini ya mtungi. Nimekuta vimezibwa kwa ulehemu na mafundi waliodhani ni kutu. Msivizibe. Mkitoka safari ndefu mtungi umekauka vizuri kuliko wakati wowote, na hiyo ndiyo siku ya kuukagua kwa kuugonga kwa mpini wa bisibisi, kusikiliza kama kuna kilichokatika ndani, na kukaza nati za shingo injini ikiwa imepoa.

Mezani pale nimeweka mitungi miwili niliyoikata kwa urefu, mmoja wa kiwandani wenye vyumba vyake vitatu na mwingine ulionyooka ambao pamba yake imeisha. Karibuni mviguse vyuma hivyo kwa mikono yenu na mnipinge pale mnapoona nimekosea. Baada ya hapo tutasoma plagi za pikipiki tatu zilizotoka barabarani asubuhi hii, nasi tutaziwashia nje chini ya mwembe, si humu ndani, kwa sababu moshi wa ekzosi una gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu, na chumba hiki kina madirisha mawili tu.